Laptopu moja, mifumo miwili: Jua leseni yako kabla ya kumlipa fundi

Tangu Oktoba 14, 2025, laptopu nyingi zilizopo majumbani mwetu zimekuwa zikitoa ujumbe ambao watoto huufunga haraka na wazazi huusoma nusu. Unasema kwamba Windows 10 imefikia mwisho wa huduma. Mashine haizimiki, Word inafunguka na filamu zinacheza kama kawaida, hivyo wengi wameuchukulia kama tangazo jingine la kuwauzia kitu.

Si tangazo. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya usalama kwa mfumo huo uliotoka Julai 29, 2015. Kila tundu linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi, isipokuwa mwenye mashine achukue hatua. Na mashine yenyewe ndiyo ile yenye picha za mtoto tangu kliniki, nakala za vyeti, nywila ya benki ya mama na kazi za shule za kijana wa kidato cha tatu.

Huku Mbweni nyumba nyingi zina kompyuta moja inayotumiwa na wote. Asubuhi ni ya kazi, jioni ya masomo, usiku ya tamthilia. Ndiyo maana swali ninaloulizwa na majirani, ndani ya bajaji au baada ya kikao cha wazazi shuleni, ni lilelile: tununue nyingine, tumlipe fundi apandishe toleo, au ni kweli kompyuta moja inaweza kuwa na mifumo miwili? Mimi huandika habari za afya, si za kompyuta. Nadhani wananiuliza kwa sababu mafundi wanaowauliza wana kitu cha kuuza.

Jibu ni kwamba mifumo miwili katika mashine moja inawezekana, ni halali, na mara nyingi haikugharimu zaidi ya bando na flashi. Laptopu yangu nimeipanga hivyo tangu nikiwa chuoni. Lakini kabla ya kufika huko kuna jambo ambalo karibu hakuna anayemweleza mteja anapopeleka mashine kwa fundi, nalo ni leseni.

Tuanze na mfumo endeshi wenyewe. Ni programu ya kwanza kuamka ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Ndiyo inayotoa amri kwa kioo, kibodi, diski na printa, kisha programu nyingine zote zinakaa juu yake. Windows ni mmoja. Linux ni mwingine, nao hutolewa bure kwa majina mengi kama Ubuntu na Linux Mint. Kama unasoma makala hii kwenye simu ya Android, tayari unatumia mfumo uliojengwa juu ya kiini cha Linux, hata kama jina hilo linakuogopesha.

Ulichonunua ni ruhusa

Unaponunua laptopu yenye Windows, hununui Windows. Unanunua ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Ruhusa hiyo ndiyo leseni, na zipo za aina tofauti ambazo kwa macho zinafanana kabisa.

Ya kwanza huja na mashine kutoka kiwandani. HP, Dell au Lenovo wameshailipia, na bei yake imo ndani ya bei ya laptopu. Leseni hii imefungwa kwenye mashine hiyo, haihami. Mashine ikifa, nayo imekufa. Ya pili ni ile inayonunuliwa peke yake dukani. Hiyo unaweza kuihamishia kwenye kompyuta nyingine, mradi uiondoe kwenye ile ya kwanza. Kwenye duka la Microsoft la Marekani, toleo la nyumbani huuzwa Dola 139. Ya tatu ni ya makampuni na taasisi, inayonunuliwa kwa mkupuo kwa ajili ya mashine nyingi. Hiyo ni mali ya kampuni, na mfanyakazi akiondoka au laptopu ikiuzwa, ruhusa haiendi naye.

Halafu kuna ya kupandisha toleo, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Leseni ya kupandisha haisimami peke yake. Inakaa juu ya leseni ya zamani kama ghorofa ya pili inavyokaa juu ya ya kwanza. Ukipandisha kutoka Windows 10 kwenda 11, ruhusa ya zamani haibaki mkononi kama chenji uigawe kwa mtu mwingine. Imegeuka kuwa msingi wa mpya. Huwezi kuchukua Windows 10 uliyopandishia ukaiweka kwenye mashine ya mdogo wako, na kwa masharti yaleyale huruhusiwi kuwa na Windows 10 upande mmoja wa diski na Windows 11 upande wa pili kwa leseni moja. Masharti ya Windows 11 yanasema leseni moja ni kwa nakala moja kwenye kifaa kimoja. Hata ukiiendesha ndani ya kompyuta ya kufikirika, ile inayofunguka kama dirisha ndani ya kompyuta halisi, nayo inahesabiwa kuwa kifaa kinachohitaji leseni yake.

Kwa hiyo mtu akikuambia atakuwekea Windows mbili kwa bei ya moja, muulize leseni ya pili inatoka wapi.

Sasa laptopu za mtumba, maana ndizo nyingi wetu tunazonunua. Nyingi zilikuwa za ofisi huko Ulaya, Marekani au Uarabuni. Zilipokuwa kazini ziliendeshwa kwa leseni ya kampuni, na hiyo haikuja nazo. Lakini chini ya leseni ile ya kampuni, mara nyingi kuna leseni ya kiwandani iliyokuja na mashine siku ilipozaliwa. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wamekuwa wakiichapa namba yake ndani ya ubao mkuu wa mashine badala ya kuibandika kwa nje. Haifutiki kwa kufuta diski. Ukiweka upya Windows ya aina ileile, mashine inaisoma yenyewe na kujithibitisha ikipata intaneti.

Hili linaniuma kidogo. Maana yake ni kwamba mzazi anaweza kumlipa fundi amwekee Windows ya wizi kwenye mashine ambayo tayari ina ya halali tumboni mwake. Anayefanya hivyo si lazima awe tapeli. Flashi yake ina nakala moja anayowawekea wateja wote, na kazi inakwisha kwa nusu saa.

Kujua mashine yako iko upande gani ni kazi ya dakika mbili. Fungua Settings, kisha tafuta ukurasa wa Activation. Ukikuta maneno yanayosema imethibitishwa kwa leseni ya kidijitali, mara nyingi uko salama. Ukikuta inasema imethibitishwa kwa huduma ya shirika lako, ilhali laptopu ni ya nyumbani na hujaajiriwa na shirika lolote lililokupa, jiulize. Kipimo cha pili ni hiki: bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Kisanduku kitafunguka. Leseni ya kudumu itakwambia ni ya kudumu. Ikikupa tarehe ya kuisha, hiyo ni leseni ya mkupuo ya taasisi ambayo hudumu siku 180 na kuhitaji kuhuishwa, na kwenye mashine ya nyumbani kwa kawaida huwa inahuishwa na programu ya wizi iliyojificha ndani.

Kwa nini mwandishi wa afya anajali

Programu hizo za kuvunja leseni zina tabia moja: kabla hujaziendesha zinakuomba uzime kinga ya virusi. Mgonjwa anayeambiwa na mganga atupe dawa zote za hospitali kabla ya kupewa kikombe anapaswa kushtuka, na hapa ni vivyo hivyo. Desemba 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Red Canary ilieleza jinsi nakala za KMSPico, mojawapo ya programu maarufu za kuvunja leseni, zilivyobeba kirusi kiitwacho Cryptbot. Kazi yake ni kukusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na taarifa za pochi za fedha za kidijitali, kisha kuzituma kwa mwenyewe.

Na hata pasipo wizi, mfumo usio na viraka ni mlango usio na komeo. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kwenye Windows. Wengi hawakukiweka. Ijumaa ya Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili na kudai Dola 300 kwa kila kompyuta. Nchini Uingereza kiliathiri taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali na huduma za afya za umma England. Ofisi ya ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza kwamba miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kupita 19,000 ilifutwa. Baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. Mashine nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo kwa miezi miwili, hakikuwekwa tu.

Huwa nalikumbuka tukio hilo kila ninapomsikia mtu akijisifu kwamba amezima sasisho zote ili zisimalize bando. Namwelewa kuhusu bando. Lakini azime zile za michezo.

Kisheria nako hakuna utata. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inagusa uvunjaji wa haki za ubunifu kwa kutumia kompyuta. Sijasikia mzazi wa huku kwetu aliyefuatwa nyumbani kwa sababu ya Windows ya wizi. Hasara inayomkuta mara nyingi inaanzia kwenye nywila zake.

Kupandisha bure kupo, kwa wenye bahati

Kama mashine yako ina Windows 10 halali na inakidhi vigezo, kupandisha kwenda Windows 11 ni bure. Hakuna haja ya kununua namba yoyote. Toleo la nyumbani linapanda kuwa la nyumbani, la Pro linakuwa Pro. Na usipolipenda, una siku 10 za kurudi ulikotoka kupitia mipangilio ya kompyuta yenyewe, mafaili yako yakiwa yamebaki.

Tatizo ni vigezo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, inataka kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Kwa prosesa za Intel, mstari kwa jumla unaanzia kizazi cha 8. Angalia namba yake: i5-7200U inaanza na 7 baada ya kistari, hicho ni kizazi cha 7, haipiti. i5-8250U ni kizazi cha 8, inapita. Zikianza na 10, 11 au 12, hivyo ni vizazi vya 10 kwenda juu. Andika namba hii kwenye simu kabla hujaenda Kariakoo kununua mtumba, maana laptopu mbili zenye sura moja na bei inayokaribiana zinaweza kutofautiana kwa tarakimu hiyo tu. Microsoft pia wana programu ya bure ya kukupimia, inaitwa PC Health Check. Jina limenifurahisha.

Kuna mafundi wanaoweza kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyopita. Inaingia, kweli. Lakini Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kuendelea kupata sasisho, nazo ndizo sababu ya kupandisha. Wengine bado wanawaambia wateja kwamba namba ya zamani ya Windows 7 itafungua Windows mpya. Ilikuwa kweli kwa miaka mingi. Ofa ya bure ya 2015 ilifungwa rasmi Julai 2016, njia hiyo ya nyuma ikaachwa wazi, na Septemba 2023 Microsoft wakaifunga nayo.

Kwa mashine isiyopita kuna pumzi ya muda. Microsoft wanatoa viraka vya ziada vya Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026 kwa watu wa majumbani. Huku kwetu unaweza kuvipata bila kulipa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao mtandaoni, au kwa kulipa Dola 30 mara moja, zaidi ya Sh70,000. Malipo hayo yanatosha hadi vifaa 10 vyenye akaunti hiyohiyo. Mashine inatakiwa iwe na toleo la mwisho la Windows 10, lile la 22H2. Ombi lenyewe liko kwenye ukurasa wa Windows Update.

Hiyo ni ahueni, si tiba. Ndipo tunapokuja kwenye mfumo wa pili.

Mfumo wa pili usiodai leseni

Linux haina mzozo wa leseni tulioueleza hapo juu, kwa kuwa leseni yake inakuruhusu kuiweka kwenye mashine moja au mia, kuinakili na kumpa jirani. Ubuntu, lililo maarufu kati ya majina yake, lilianza Oktoba 2004 likiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Toleo la 24.04 linahudumiwa bure hadi 2029. Linataka kumbukumbu ya GB 4 na nafasi ya GB 25. Mashine dhaifu zaidi zinaweza kujaribu Linux Mint au Lubuntu.

Nasi si wageni kabisa katika mambo haya. Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu yenye menyu za Kiswahili. Mtoto wa leo anayesoma TEHAMA shuleni huenda hajawahi kuisikia, na ni hasara.

Kwa nini basi usiiondoe Windows moja kwa moja ukabaki na Linux? Wapo wanaofanya hivyo. Kwa familia ningesema subiri. Kijana anayesoma usanifu Chuo Kikuu Ardhi anahitaji AutoCAD, ambayo haina toleo la Linux. Anayefanya utafiti wa afya ya jamii anaweza kudaiwa Epi Info, ya bure kutoka kituo cha CDC cha Marekani lakini imetengenezwa kwa Windows. Mama mwenye duka anaweza kuwa na programu ya hesabu iliyofungwa kwa Windows. Mambo ya kwenye tovuti hayana shida: matokeo ya NECTA, maombi ya mkopo HESLB, barua pepe na benki hufunguka popote penye kivinjari. Kwa kuandika, Linux huja na LibreOffice. Inasoma na kuhifadhi mafaili ya Word, ingawa majedwali na mpangilio wa kurasa huweza kusogea kidogo, hivyo kazi ya kuwasilisha chuoni ifunguliwe kwanza kwenye Word kabla ya kuchapwa. (Office yenyewe, kwa taarifa, ina leseni yake. Kuwa na Windows halali hakuifanyi Office iliyomo kuwa halali.)

Mifumo miwili maana yake diski inagawanywa kama nyumba yenye wapangaji wawili. Ukiwasha, menyu inatokea na kuuliza unataka kuingia kwa nani. Wanaendesha kwa zamu, hawaamki pamoja, ndiyo maana mashine haizidiwi. Windows yako inabaki ileile na leseni yake ileile.

Kama bado unasita, anza kwa kuonja. Ubuntu ikiwekwa kwenye flashi unaweza kuwasha laptopu kutoka kwenye flashi hiyo na kuchagua kujaribu tu, bila kugusa diski. Angalia kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inaitika. Faili la kupakua ni kubwa, zaidi ya GB 5, hivyo tafuta bando la usiku au mtandao wa ofisini kwa idhini.

Ukiamua kuiweka, yapo mambo ambayo siwezi kuyapita haraka, kwa sababu hapa ndipo picha za watoto zinapopotelea.

Nakili kwanza. Picha, vyeti, kazi za shule, vyote viende kwenye diski ya nje, kisha uifungue diski hiyo kwenye kompyuta nyingine uone kama kweli vimo. Fundi akikwambia hakuna haja, mwambie unasubiri. Wakati wa kuweka, skrini itauliza kama unataka kuweka Ubuntu pembeni ya Windows au kufuta diski yote. Chaguo hizo zipo jirani, na tofauti yake ni miaka kumi ya maisha ya familia.

Kisha ufunguo. Kompyuta nyingi za sasa zinafunga diski kwa BitLocker, na Windows 11 za karibuni huweza kuanza kuifunga zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukibadilisha namna mashine inavyowaka, Windows inaweza kushtuka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hukaa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza. Je, ni akaunti yako, ya fundi, au ya mtoto aliyesahau nywila? Ujue kabla. Uandike kwenye daftari, si ndani ya kompyuta hiyohiyo. Bila ufunguo huo hakuna fundi wa Kariakoo wala wa California atakayekufungulia.

Punguza nafasi ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwenye programu yake ya Disk Management. Zima pia kipengele cha kuwaka haraka, kwa sababu kinaiacha Windows ikiwa imelala nusu na Linux haitaweza kuandika kwenye upande ule. Windows itangulie, Linux ifuate. Ukigeuza, Windows huweza kuifunika menyu ya kuchagulia. Na mashine iwe na chaji ya kutosha. Mgao wa umeme ukikukuta katikati ya kugawa diski, na betri ndiyo ile ya dakika kumi, utajuta.

Mlango wa pili kwa mtoto

Kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa kwa wazazi. Wengi waliojitahidi wameweka udhibiti wa watoto kwenye Windows, kwa huduma ya Microsoft Family Safety: saa za kutumia, tovuti za kuzuia, ripoti ya kila wiki. Udhibiti huo unaishi ndani ya Windows. Mtoto akichagua Linux kwenye menyu, umebaki nje ya mlango. Ripoti ya wiki itakuonyesha mtoto mtulivu anayetumia kompyuta dakika 20 kwa siku, kumbe saa nyingine zote yuko upande wa pili.

Usidhani hatagundua. Wa miaka 12 atagundua siku ileile.

Kwa hiyo kwenye Linux mfungulie akaunti yake ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na nywila ya msimamizi ibaki kwako. Weka nywila pia kwenye mipangilio ya awali ya mashine, ile inayofunguka kabla ya mfumo wowote, ili asiwashe kutoka kwenye flashi ya rafiki yake. Uzuiaji wa tovuti zisizofaa unaweza kuwekwa kwenye ruta ya nyumbani kama unayo, nao utahusu mifumo yote miwili pamoja na simu. Lakini ulinzi ninaouamini zaidi ni meza ya sebuleni, kioo kikiwa kimetazama watu.

Na wale wadogo kabisa? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Aprili 2019: chini ya mwaka mmoja kioo hakifai, kwa mwenye mwaka mmoja hakishauriwi, na kati ya miaka 2 na 4 kisizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Mwongozo huo haujali ni mfumo gani unaoendesha katuni. Upande wa Linux kuna GCompris, mkusanyiko wa bure wa michezo ya kujifunzia zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na Tux Paint ya kuchorea. Vyote viwili vinapatikana hata kwenye Windows, bila matangazo na bila kudai kadi ya benki. Kwa hilo peke yake ningemshauri mzazi avijaribu leo.

Baada ya yote hayo kukaa sawa, usishangae siku ya kwanza ukirudi Windows ukakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu. Mashine haijaharibika wala hujaibiwa. Linux hupenda kuandika ndani ya mashine saa ya dunia, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki tuko mbele ya saa hiyo kwa saa tatu. Fungua kisanduku cha amri upande wa Linux, andika timedatectl set-local-rtc 1, ingiza nywila ya msimamizi, washa upya. Fanya hivyo Jumapili jioni, kabla ya mtoto wa shule kuitazama saa hiyo Jumatatu asubuhi akaamini bado ana muda wa kulala.